Saa ya kale na vipuri vya kuazima: namna ya kuikagua kronografu kabla ya kuinunua

Mwezi Novemba mwaka 2021, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, Uswisi, saa moja ya mkono iliuzwa kwa zaidi ya franki za Uswisi milioni 3.1. Wadalali wenyewe walikuwa wamekadiria kwamba ingefikia baina ya franki 80,000 na 120,000. Ilikuwa Omega Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, lile la mwaka 1957 lenye namba CK2915-1, na uso wake uliokuwa mweusi ulikuwa umegeuka kuwa wa rangi ya kahawia, jambo ambalo wakusanyaji wa saa hulitamani sana. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake mjini Biel.

Kabla ya miaka miwili kutimia, kampuni hiyo ilijitokeza hadharani mwezi Juni 2023 na kueleza kwamba saa ile haikuzaliwa vile ilivyo. Sehemu zake nyingi zilikuwa ni za Omega kweli, lakini zilikuwa zimekusanywa kutoka saa mbalimbali na kuunganishwa ili zionekane kuwa saa moja. Omega ilisema kwamba watu watatu waliowahi kuwa waajiriwa wake walihusika katika njama hiyo, na kwamba hatua za jinai zilikuwa zinachukuliwa.

Ikiwa makumbusho ya mtengenezaji yanaweza kununua saa ya viraka kwa mamilioni, hali ya mtu wa kawaida ikoje? Wako wengi miongoni mwa wasikilizaji wetu walioachiwa saa na baba au babu aliyefanya kazi melini, katika shirika la ndege au jeshini. Wako pia wanaotafuta saa kama hizo katika maduka ya vitu vya kale na katika masoko ya mitandaoni. Makala haya yanaeleza namna ya kuikagua kronografu ya zamani, na tumeichagua Speedmaster kuwa mfano kwa sababu historia yake imechunguzwa kwa kina kuliko saa nyingi za aina yake.

Kronografu ni saa gani?

Kronografu ni saa ya kawaida iliyoongezewa mtambo wa kupimia muda. Pembeni ina vitufe viwili: cha juu huanzisha na kusimamisha, cha chini hurudisha akrabu kwenye sifuri. Akrabu ndefu ya katikati, ambayo katika saa nyingine huhesabu sekunde za kila siku, hapa hulala mpaka iamshwe. Katika Speedmaster, uso una vidaira vitatu vidogo: kimoja cha sekunde za kawaida, kimoja cha kuhesabu dakika hadi 30 na kimoja cha kuhesabu saa hadi 12. (Neno akrabu tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jina la nge na pia la mshale wa saa. Anayemtazama nge aliyeinua mkia ataelewa kwa nini.)

Wingi huu wa sehemu ndio chanzo cha tatizo. Saa ya kawaida ina akrabu mbili au tatu. Speedmaster ina sita. Ina vitufe, ina pete ya nje yenye vipimo vya mwendo kasi, ina uso wenye maandishi mengi. Kila kimoja kinaweza kupotea, kuvunjika, au kuibwa na mahali pake kuwekwa kingine.

Si kila kilichobadilishwa ni hila

Ni haki kuanza na jambo hili, maana mashabiki wa saa huwa wepesi wa kutuhumu. Katika miaka ya 1960 na 1970 kronografu ilikuwa chombo cha kazi. Rubani au mhandisi aliyeipeleka kwa matengenezo alitaka irudi ikiwa safi na yenye kusomeka. Mafundi wa kampuni waliona uso uliofifia, wakautoa na kuweka mpya. Waliona akrabu zilizopoteza rangi, wakazibadilisha. Pete iliyokwaruzika ikatupwa. Mteja alishukuru. Hakuna aliyedhani kwamba baada ya nusu karne uso ule uliofifia ungekuwa na thamani kuliko saa nzima iliyobaki.

Kwa hiyo kuna hali tatu zinazopaswa kutenganishwa. Kwanza, saa yenye kipuri halali cha mtengenezaji kilichowekwa wakati wa matengenezo. Hiyo ni saa njema, ila bei yake iwe ya chini na muuzaji aseme wazi. Pili, saa yenye sehemu zisizotengenezwa na kampuni hiyo kabisa. Tatu, saa iliyoungwa kwa makusudi kutokana na mabaki ya saa nyingine, kisha ikauzwa kama kitu kizima. Hii ya tatu ndiyo wakusanyaji waliyoibatiza jina la Frankenstein, kutokana na hadithi ya kiumbe kilichoshonwa kwa viungo vya maiti.

Anza na kifuniko cha nyuma, si na uso

Mtu hushawishiwa na uso wa saa. Mkaguzi mzoefu huigeuza kwanza. Ndani ya kifuniko cha nyuma cha Speedmaster za zamani imepigwa chapa namba ya modeli, kwa mfano 105.012-65, ambapo tarakimu mbili za mwisho huashiria mwaka 1965. Namba hiyo ndiyo ahadi ya saa, na sehemu nyingine zote zinapaswa kuitimiza.

Kwa ufupi, mfuatano wake ni huu. CK2915 ilianza mwaka 1957. CK2998 ikafuata mwaka 1959. Baadaye zikaja 105.003, kisha 105.012 ambayo kasha lake lilivimbishwa upande wa kulia ili kukinga kifundo na vitufe. Ya 145.012 ilikuwa ya mwisho kati ya hizo kutumia mtambo namba 321, na 145.022, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaja na mtambo namba 861.

Upande wa nje wa kifuniko nao husema mengi. Farasi wa baharini, ambaye ni alama ya Omega, huchongwa hapo katika saa nyingi za miaka hiyo. Lakini baada ya wanaanga wa Marekani kufika mwezini mwezi Julai 1969, kampuni ilianza kuchonga maneno ya kujivunia kwamba hii ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini. Basi mtu akikuonyesha saa anayodai ni ya mwaka 1966, na nyuma yake imeandikwa habari za mwezini, huhitaji hata kioo cha kukuzia. Kifuniko hicho hakikuzaliwa na saa hiyo.

Mtambo una sauti yake

Tofauti ya mtambo 321 na 861 ina uzito mkubwa katika bei, na ndiyo inayoleta ulaghai mwingi. Mtambo 321 huendesha vitufe vyake kwa gurudumu lenye vijinguzo vilivyosimama kama minara; 861 hutumia kipande bapa cha chuma kilichokatwa kwa umbo maalumu, njia ambayo ni rahisi zaidi kutengeneza. Fundi akifungua saa ataona mara moja. Lakini hata bila kuifungua ipo njia. Mtambo 321 hupiga mapigo 18,000 kwa kila saa, yaani matano kwa sekunde moja. Mtambo 861 hupiga 21,600, yaani sita kwa sekunde. Zipo programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa kupitia maikrofoni na kutoa hesabu hiyo papo hapo. Saa iliyouzwa kama 105.012 ikitoa mapigo sita kwa sekunde, mtambo wake umetoka kwingine.

Kwenye mtambo wenyewe imechongwa nambari ya mfululizo. Hapa panahitaji uangalifu. Hati za kumbukumbu ambazo watengenezaji wamekuwa wakizitoa huonyesha kwamba mtambo wenye nambari fulani uliwekwa katika modeli fulani na kupelekwa nchi fulani katika tarehe fulani. Wanunuzi wengi huichukulia hati hiyo kama cheti cha ndoa baina ya sehemu zote. Sivyo. Hati huzungumzia mtambo. Haijui ni uso gani umefunikwa juu yake leo, wala kasha hilo lilitoka wapi. Mtu mwenye mtambo halali wa mwaka 1957 na kasha lililooza anaweza kutafuta kasha jingine, akapata hati safi, na akauza mchanganyiko huo akiwa na karatasi mkononi.

Skrubu zitazame pia. Fundi mwenye adabu huacha vichwa vya skrubu vikiwa laini. Vichwa vilivyokwanguliwa huonyesha kwamba saa imefunguliwa mara nyingi na mtu mwenye haraka.

Uso: pale fedha nyingi zinapopotea

Sasa tuje kwenye uso, maana ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani na ndio unaoghushiwa zaidi.

La kwanza ni alama ya Omega iliyo juu ya jina. Katika Speedmaster za mwanzo alama hiyo ni kipande kidogo cha chuma kilichopachikwa. Ukiinamisha saa kwenye mwanga utaona kimeinuka na kinatupa kivuli. Kuanzia kama mwaka 1969 ikawa inachapwa kwa rangi nyeupe tu. Saa ya 105.012 yenye alama iliyochapwa imebadilishwa uso. La pili ni neno Professional. Lilianza kuonekana katika 105.012. Ukilikuta katika kasha la zamani lenye pembe zilizonyooka, lisilo na kinga ya kifundo, uso huo umetoka saa ya baadaye.

La tatu ni maandishi madogo sana chini kabisa, penye alama ya saa sita. Nyuso za mwanzo, zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani, zimeandikwa SWISS MADE peke yake. Radiamu ilipoachwa katika miaka ya 1960 na tritiamu kushika nafasi yake, herufi T iliongezwa kila upande: T SWISS MADE T. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiamu nayo iliondolewa, ikaja rangi isiyo na mnururisho, na herufi za T zikatoweka. Kwa hiyo SWISS MADE isiyo na T ina maana mbili zinazopingana: ama uso ni wa kale sana, ama ni kipuri cha karibuni.

Kuamua ni kipi, ingia chumba chenye giza. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, hivyo saa ya mwaka 1966 haina tena nguvu ya kujiwasha. Ukiimulika kwa tochi inaweza kung'aa kidogo, kisha huzima upesi. Rangi za kisasa hung'aa kwa saa kadhaa. Iwapo alama za uso zimezima na akrabu zinawaka kama kandili, akrabu hizo ni mpya. Iwapo vyote vinawaka, vyote ni vipya, au vimepakwa upya. Radiamu ni habari nyingine: mng'ao wake umekufa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechakaa, lakini nusu-uhai wake ni kama miaka 1,600, hivyo mnururisho upo vilevile. Usifungue kamwe kioo cha saa ya radiamu nyumbani wala kukwangua uso wake. Vumbi lake ni hatari likivutwa puani.

Rangi ya alama hizo inapozeeka huwa kama ya maziwa yaliyoiva au asali. Akrabu na uso vinapaswa kukaribiana, lakini si lazima vifanane kabisa. Mara nyingi vilipakwa mahali tofauti kwa mchanganyiko tofauti, na uzee haukuvipitia kwa njia moja. Binafsi ninaiogopa zaidi saa ambayo kila alama ina rangi ileile ya dhahabu, sawasawa, kama iliyopimwa. Wazee hawazeeki hivyo, na wapakaji wa siku hizi wanajua kuchanganya rangi ya uzee.

Uso uliogeuka kahawia kwa jua na unyevu unahitaji shaka zaidi, kwa sababu watu hupasha nyuso joto ili kuharakisha mabadiliko hayo. Chukua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi na utazame kingo za herufi. Chapa ya kiwandani ni nyororo na kingo zake ni kali; uso uliopakwa na kuandikwa upya huwa na herufi nene, zilizosambaa, na vistari vya dakika visivyofika pale vinapostahili. Fundi akiutoa uso, atazame mgongo wake: miguu miwili midogo inayoushikilia kwenye mtambo ikiwa imekatwa na uso kugundishwa kwa gundi, uso huo ulitengenezewa mtambo mwingine.

Akrabu, pete na vitufe

CK2915 ina akrabu ya saa yenye kichwa kipana cha mshale. CK2998 ina akrabu nyembamba zenye umbo la jani. Kuanzia 105.003 zikawa nyeupe na zilizonyooka, na hizo ndizo zilizodumu. Akrabu pana za mshale zina kishawishi maalumu, kwa kuwa Omega imewahi kutoa upya saa za mtindo wa 1957, ikiwemo mwaka 2017, na vipuri vya mtindo huo si adimu kama vya asili.

Pete ya nje ni mfano mzuri wa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwa na bei kubwa. Katika CK2915 ni chuma kilichochongwa. Kuanzia CK2998 ni aluminiamu nyeusi. Katika pete za mpaka karibu mwisho wa miaka ya 1960, nukta iliyo kando ya tarakimu 90 imekaa juu yake. Baadaye ilishushwa ikawa ubavuni. Ni nukta tu, ndogo kuliko punje ya mtama. Lakini pete yenye nukta ya juu huuzwa peke yake kwa zaidi ya dola 1,000, hivyo hutolewa kwenye saa moja na kupelekwa nyingine, na sasa huigwa pia. Pete isiyo na hata mkwaruzo juu ya kasha lililochubuka kila mahali haina budi kuulizwa ilikuwa wapi miaka yote hiyo.

Kasha nalo lina kumbukumbu zake. Pembe zinazoshika mkanda katika 105.012 na 145.012 zimejipinda, zikiwa na ukingo mkali unaotenganisha sehemu iliyong'arishwa na iliyoparwa. Kila mara saa inapopigwa msasa ukingo huo hulainika, mpaka pembe huwa kama sabuni iliyotumika. Hilo si kipuri kilichobadilishwa, lakini haliwezi kurudishwa.

Mwisho, endesha chombo chenyewe. Bonyeza kitufe cha juu: akrabu ianze bila kuruka. Iache iende dakika thelathini na zaidi, uone kama vidaira vinahesabu. Bonyeza cha chini: akrabu zote tatu zirudi sifuri kamili, si karibu na sifuri. Akrabu inayotua pembeni mara nyingi imetolewa na kurudishwa vibaya, au si yake.

Nembo ya jambia

Wasikilizaji walioko Oman na nchi za Ghuba wanafahamu saa zenye nembo ya jambia, nyingi zikiwa za Rolex, zilizoagizwa na utawala wa Sultan Qaboos bin Said kuanzia miaka ya 1970 na kutolewa kama zawadi. Baadhi ni kronografu za Daytona. Nembo hiyo huongeza bei mara nyingi zaidi, hivyo kuna nyuso za kawaida zilizochapwa jambia baadaye. Tazama kama wino wa nembo umezeeka pamoja na maandishi mengine, au kama umelala juu ya mikwaruzo iliyokuwepo kabla yake. Familia yenye saa kama hiyo iulizwe pia ina barua, picha au kisanduku cha zawadi. Historia iliyoandikwa wakati ule ni ngumu kughushi kuliko wino.

Ikiwa saa ni yako

Aliyerithi kronografu asiipeleke popote kabla ya kuipiga picha pande zote, na ndani pia ikiwa fundi atakubali kuifungua mbele yake. Mwambie fundi, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba hutaki kasha ling'arishwe, hutaki uso usafishwe wala kupakwa, na hutaki akrabu ziguswe rangi. Mafundi wengi hufanya hayo kwa nia njema, kama ukarimu kwa mteja. Ruhusu abadilishe kamani iliyokatika, mipira ya kuzuia maji na vipuri vya ndani vilivyolika. Kioo cha plastiki kikipasuka kibadilishwe bila wasiwasi. Cha Omega halisi kina alama ndogo ya kampuni katikati, inayoonekana kwa kioo cha kukuzia tu.

Kila kinachotolewa, hata kama kimevunjika, kidai kirudishwe katika kibahasha na ukiweke pamoja na risiti. Pete iliyochubuka ambayo fundi alikuwa ataitupa kwenye pipa inaweza kuwa ndiyo ile yenye nukta juu ya 90.